Nani Atunze Vitabu vya Ntobeye?

MAMA MZAZI: Niulize bila kuzunguka. Binti yangu amemaliza kidato cha nne, kapata daraja la tatu, hisabati kapata C. Anataka uhasibu, na ameshaniambia hataki kusikia ualimu wala uuguzi. Mimi nina migomba, maharage na kahawa ya miti ya kuhesabika. Mniambie nimsomeshe mpaka wapi. Na akishafika huko, kijiji chetu cha Ntobeye kitamwona tena?

MHASIBU: Msomeshe mpaka mwisho, mama, na mwisho ni CPA, cheti cha juu cha uhasibu. Katika nchi hii jina la mhasibu si la kujibandika. Sheria ya mwaka 1972 iliunda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, hii tunayoiita NBAA, na Bodi ndiyo inayotahini, inayosajili na inayomfuta mtu akiharibu kazi. Mwenye shahada peke yake amesoma uhasibu, basi. Ukimwachia mtoto njiani, atatumwa na wenye CPA maisha yake yote.

KATIBU WA AMCOS: Na sisi je? Wewe ni mtoto wa hapa, mwanangu. Ulipoipata hiyo CPA ukaenda Mwanza, tunakuona Krismasi. Vitabu vya AMCOS yetu, chama chetu cha ushirika cha kahawa, naviandika mimi, mtu wa darasa la saba, na hakuna mkulima wa Ntobeye aliyewahi kusimama mkutanoni akasema nimemlia kilo yake.

MHASIBU: Sikusema umekula, mzee wangu.

KATIBU WA AMCOS: Umesema mhasibu ni mwenye CPA. Sasa mimi hapo mezani naitwa nani?

MHITIMU: Mzee, mimi nina shahada na mlango huo tumesimama wote nje. Mama, kabla hujauza chochote, nisikilize. Shahada yangu ni ya miaka mitatu, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na deni lenyewe halijanisahau. Nilirudi nyumbani, sasa naendesha bodaboda Ntobeye na Ngara mjini. Karibu kila tangazo la kazi ya mhasibu ninalolifungua kwenye simu limeandikwa CPA(T). Lisiloandikwa CPA linataka uzoefu. Na hiyo NBAA yenyewe, hata ukifaulu mitihani yote, kabla ya kukusajili inataka miaka mitatu ya kazi chini ya mtu anayetambulika. Asiyeajiriwa auchume wapi uzoefu wa kuajiriwa?

MHASIBU: Hapo umechanganya mambo mawili. Usajili unadai kazi, mitihani haidai. Shahada yako ya uhasibu imekuvusha ngazi ya msingi. Unaanzia ngazi ya kati, masomo sita, kisha ngazi ya mwisho, masomo manne: taarifa za fedha za makampuni, ukaguzi, fedha za biashara, na kodi. Mitihani ipo Mei, ipo Novemba. Kila mwaka milango miwili. Umeketi?

MHITIMU: Nimeketi. Ngazi ya kati nimefaulu masomo matatu. Uliza sasa nimeketije. Wenzangu walioajiriwa Mwanza wanalipiwa na mwajiri, jioni wanakwenda madarasa ya marejeo, usiku wanasoma kwenye taa isiyozimika. Mimi nasoma kijiweni kwenye simu, abiria akija naiweka mfukoni. Mtihani ukifika nauli ni yangu, chumba cha wageni ni changu, ada ya kila somo ni yangu, na zile siku pikipiki imelala haileti kitu. Ni kweli daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko. Ila daraja halilipi ada ya mtihani.

MAMA MZAZI: Kwa hiyo digrii haikutosha?

MHITIMU: Haikutosha, mama.

MAMA MZAZI: Na mimi niliambiwa ukishaipata digrii umemaliza. Aliyeniambia hivyo ni mwalimu.

MHASIBU: Kwa uhasibu, digrii ni nusu ya safari. Afadhali mtoto aambiwe hivyo leo, asije kuambiwa akiwa na miaka ishirini na sita.

KATIBU WA AMCOS: Nusu ya safari ya kwenda wapi? Hapo ndipo mnaponipotezea. Mnazungumza ngazi ya kati, ngazi ya mwisho, Bodi, mimi nina mizani, nina ghala, nina foleni ya wakulima wenye magunia ya maganda na kila mmoja anataka stakabadhi yake kabla jua halijazama. Huyo mwenye masomo manne ya mwisho atakuja kukaa na mimi hapo?

MHASIBU: Hatakuja, mzee wangu, na nitakwambia kwa nini sikuja mimi. Chama kingenilipa posho ya msimu. Kahawa ikiisha, posho imeisha. Huko niliko nalipwa kila mwezi, na katika huo mshahara kuna watoto watatu wa ukoo wetu hapahapa kijijini ninaowalipia shule, kuna bati za nyumba ya mama. Ningebaki mezani kwako nani angefanya hayo? Mnaotulaumu kuondoka ndio mnaopokea miamala yetu.

KATIBU WA AMCOS: Miamala yako inapokelewa na ukoo wako. Chama ni cha wote.

(Hapo palikuwa kimya kidogo. Hoja hiyo haikujibiwa, na mimi ninayeandika mazungumzo haya sina jibu la kuwasaidia.)

MHASIBU: Basi tuzungumze chama. Nitoe mfano, na mzee wangu anijibu kama mtu wa vitabu. Tuseme msimu mmoja chama kimepokea kilo 12,000 za maganda, na ushuru wa chama ni shilingi 50 kwa kilo. Ni shilingi 600,000. Umelipa magunia, mlinzi, usafiri, jumla 410,000. Zinatakiwa kubaki 190,000. Ninakwenda benki nakuta 130,000. Elfu sitini ziko wapi?

KATIBU WA AMCOS: Kitu kama hicho kikitokea huwa nakijua. Amekopeshwa mjumbe. Mkewe kalazwa Murgwanza usiku, asubuhi amekuja nyumbani kwangu analia. Ungemwambia nini?

MHASIBU: Ningempa. Halafu ningeandika. Wewe umeandika wapi?

KATIBU WA AMCOS: Najua mwenyewe. Na huwa zinarudi.

MHASIBU: Na wewe ukilazwa Murgwanza? Mrithi wako atakuta pengo la elfu sitini, atakuta sahihi yako chini ya ukurasa, na mkutano mkuu utakuita mwizi ukiwa kitandani. Sijasema wewe si mwaminifu. Nasema uaminifu wako hausomeki. Mgeni akifungua leja haoni tofauti kati yako na mwizi.

MAMA MZAZI: Hilo limenichoma hata mimi, na mimi ndiye ninayekopa.

KATIBU WA AMCOS: Limenichoma na mimi, siwezi kukataa. Ila ngojeni nami niwape mfano, wa kweli huu. Kuna chama kimoja, sikitaji jina, kiliajiri kijana mwenye stashahada ya uhasibu. Vitabu vyake mkaguzi angevibusu. Kila malipo yana vocha, kila vocha ina sahihi tatu, stakabadhi zimepangwa kwa tarehe. Fedha hakuna. Mnajua sahihi alizipataje? Mwanzo wa msimu aliwapelekea wajumbe kitabu kizima cha vocha tupu, akawaambia wasaini ili asiwasumbue mashambani. Wakasaini, kwa kuwa ni msomi. Mimi hapa hakuna mjumbe angenisainia vocha tupu hata moja. Wangeniuliza nimeanza lini ujanja.

MHITIMU: Mzee, hiyo ni kweli tupu. Chuoni tulifundishwa vocha inavyotakiwa kuwa. Jinsi mtu anavyoizunguka, hakuna aliyetufundisha.

MHASIBU: Hiyo inafundishwa, iko kwenye ukaguzi. Na mfano wa mzee unanisaidia mimi. Kijana yule alikuwa na cheti cha chuo, je, alisajiliwa na Bodi? Kama hakusajiliwa, hakuna wa kumvua chochote. Anahama wilaya, anaomba kazi chama kingine na stashahada ileile. Mwenye usajili ana kitu cha kupoteza. Jina lake liko kwenye daftari, na mtu yeyote anaweza kumpeleka mbele ya Bodi. Wewe, mzee wangu, tukushtaki kwa nani?

KATIBU WA AMCOS: Mnishtaki mkutano mkuu. Nasimama mbele ya watu walionijua tangu nikichunga mbuzi, mke wangu amekaa mstari wa pili, wakwe zangu mstari wa nyuma. Bodi yenu iko Dodoma. Huyo kijana angeogopa nini Dodoma?

MAMA MZAZI: Katibu, mkutano mkuu huo na mimi huwa nakaa. Mkisoma mapato na matumizi tunapiga makofi. Nani kati yetu anaelewa ile karatasi? Tunakupigia makofi wewe. Hesabu hatuzijui.

(Wasomaji walio wanachama wa ushirika wowote, wa kahawa, pamba au korosho, watakuwa wamelitambua pigo hilo.)

MHITIMU: Ndiyo maana COASCO ipo, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, tangu sheria ya 1982. Mkaguzi anakuja. Lakini mkaguzi anakagua kilichoandikwa. Akikuta mambo yamo kichwani mwa katibu anaandika kuwa vitabu havikutosha kumpa maoni, anafunga begi. Siku hizi kuna na mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, taarifa za chama ziingizwe kwenye kompyuta. Mzee, anaziingiza nani?

KATIBU WA AMCOS: Mwanangu aliyeko Ngara mjini. Namsomea kwa simu, anaandika.

MHITIMU: Nywila anayo yeye?

KATIBU WA AMCOS: Anayo.

MHASIBU: Mungu wangu.

KATIBU WA AMCOS: Usimwite Mungu, mwanangu, niitie mtu wa kuniketia mezani! Ndilo nimekuwa nikisema tangu tumeanza. Nataka mtu atakayekaa. Na akae akiijua kahawa. Maana kuna jambo wasomi wenu hawalijui. Kahawa ya maganda ikikaa ghalani inaendelea kukauka, kilo zinapungua. Nimepokea kilo fulani, nimepeleka chama kikuu pungufu. Anayejua vitabu peke yake ataandika wizi.

MHASIBU: Na mwizi ataandika ukavu.

KATIBU WA AMCOS: Eh!

MHASIBU: Ndiyo, mzee wangu. Kila mwizi wa ghala nchi hii anajitetea kwa ukavu: mahindi yamekauka, korosho zimekauka, kahawa imekauka. Dawa yake ni kipima unyevu siku ya kupokea na siku ya kutoa, na safu mbili kwenye leja ya ghala. Upungufu ukizidi kiasi kinachoelezeka na unyevu, kuna mtu aulizwe. Hiyo ndiyo kazi ya mhasibu. Anajenga kitu kinachokutenganisha wewe mkweli na yule mwongo, hata kama hajamwona yeyote kati yenu.

MHITIMU: Nakiri, dada, mimi hiyo nisingeiweza mwaka niliomaliza. Nilifundishwa kugawa gharama za kiwanda chenye idara nne. Nilifundishwa viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, vile vilivyoanza kutumika nchini mwaka 2004. Gunia linalopungua uzito sikuwahi kufundishwa. Na vyote hivyo kwa Kiingereza. Mitihani ya Bodi ni Kiingereza, leja ya chama Kiswahili, wakulima wakigombana kwenye mizani wanagombana Kihangaza.

MAMA MZAZI: Kiingereza binti yangu kapata D.

MHASIBU: Kitampa shida. Sitakudanganya. Wengi wanaoanguka mtihani wa Bodi hesabu wanaijua. Hawawezi kueleza kwa maandishi kwa nini hesabu iko hivyo. Aanze kusoma Kiingereza leo, hata kabla ya chuo.

MAMA MZAZI: Sasa nielezeni fedha. Astashahada mwaka, stashahada, halafu shahada, halafu hiyo mitihani ya mwanangu wa bodaboda. Nimesikia mnataja Mwanza.

MHASIBU: Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, ina kampasi Mwanza na Kigoma. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kipo Mwanza pia. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina kampasi Kizumbi, Shinyanga, na hapo angesoma mambo ya vyama kama hiki cha mzee. Kwa ufaulu wake astashahada anaingia. Wanataka angalau D nne, masomo ya dini hayahesabiwi.

MAMA MZAZI: Kuingia ataingia. Nauliza ada itoke wapi. Nikikosa nitaweka kahawa butura.

KATIBU WA AMCOS: Usithubutu, mama!

MAMA MZAZI: Kwa nini nisithubutu? Wangapi hapa wamesomesha kwa butura?

KATIBU WA AMCOS: Wamesomesha, na kahawa ikiwa bado maua juu ya mti ilikuwa tayari ya mtu mwingine, kwa bei ya kuitupa. Msimu ukija, mwenye shamba anachuma kama kibarua. Halafu mwaka wa pili wa chuo ada nyingine inamsubiri, anaweka tena. Na serikali imeipiga marufuku. Chama tumekianzisha ili butura ife, leo uhasibu ndio uirudishe?

MHITIMU: Hapa nakubaliana na mzee moja kwa moja. Mama, kuna njia hawaitangazi. NBAA ina mitihani ya ngazi ya ufundi, ATEC, ya kwanza na ya pili. Haidai shahada. Mtoto anaweza kuisomea akiwa nyumbani, akaja kuketi na watahiniwa wengine. Matangazo ya serikali ya nafasi ya Mhasibu Msaidizi huwa yanataja stashahada au ATEC ngazi ya pili. Akitaka kupanda baadaye, kutoka hapo anaingia ngazi ya msingi na kuendelea. Sisi wote tulikimbilia shahada kwa kuwa mkopo ulikuwa unatoka kwa shahada.

MHASIBU: Naijua ATEC, na sitaki kuidharau. Ila sema yote. Anayeisomea nyumbani peke yake, bila mwalimu, bila mwenzake wa kumuuliza, anaanguka. Akiwa msichana, anasoma leja huku ndoo ya maji inamsubiri, na mwaka wa pili posa imeshafika. Chuoni anasoma. Nyumbani ataosha vyombo akiwa na kitabu cha uhasibu kabatini. Nimeona wenzangu waliobaki kwenye hiyo ngazi ya chini. Walisema watapanda. Hawakupanda.

MAMA MZAZI: Kwangu posa haitaingia mpaka aseme mwenyewe.

MHASIBU: Wewe ndiye unayesema. Baba zake wadogo je?

MAMA MZAZI: Hao niachie mimi.

KATIBU WA AMCOS: Mimi nazidi kuuliza swali lilelile. Akishaipata hiyo ATEC, nani anamlipa? Umetuhesabia mwenyewe, mwanangu: ushuru wa laki sita kwa msimu, baada ya magunia na mlinzi inabaki 190,000. Hiyo ni mshahara wa nani?

MHITIMU: Vyama vitano viungane, mzee, viajiri mtu mmoja. Jumatatu yuko kwenu, Jumanne kwa jirani.

KATIBU WA AMCOS: Jumlisha basi, si una shahada? 190,000 mara tano.

MHITIMU: Laki tisa na nusu.

KATIBU WA AMCOS: Kwa mwaka mzima, na vyama vitano vibaki bila senti ya akiba. Utakula nini Februari? Na msimu mbaya, kahawa ikipungua nusu?

MHITIMU: Ushuru uongezwe.

MAMA MZAZI: Thubutu! Hamsini yenyewe tunanung'unika.

MHASIBU: Kwa chama peke yake haiwezekani, mzee wangu ana haki. Lakini chama si mwajiri pekee wa Ngara. Zahanati na shule sasa zinapelekewa fedha moja kwa moja, na hesabu zake zinaingizwa kwenye mfumo wa FFARS. Aulizwe muuguzi au mwalimu mkuu yeyote anavyolala usiku akifunga hesabu za robo mwaka na hakusomea. Kuna maduka ya Kabanga na Rusumo, kuna malori ya mpakani, kuna SACCOS, kuna VICOBA.

MHITIMU: Maduka hayatuhitaji, dada. Mwaka 2019 sheria ya kodi ilipandisha kiwango. Mwenye mauzo ya chini ya milioni 100 kwa mwaka halazimiki kupeleka TRA hesabu zilizoandaliwa na mhasibu, kabla ya hapo ilikuwa milioni 20. Ilikuwa nafuu kwa mfanyabiashara, nami siipingi. Lakini kibarua changu cha kuandaa hesabu za maduka kilifia hapo. Mwenye duka ananiambia, "Kijana, TRA wenyewe hawazitaki, wewe unazitaka za nini?"

MHASIBU: Benki inazitaka. Akiomba mkopo ndipo atakukumbuka.

MHITIMU: Ananikumbuka jioni, anataka ziwe tayari asubuhi, na anataka ziseme anapata faida.

MHASIBU: Na unamwandikia?

MHITIMU: ...

MHASIBU: Nimeuliza, unamwandikia?

MHITIMU: Nina deni la Bodi ya Mikopo, dada.

(Naiacha hivyo ilivyosemwa.)

KATIBU WA AMCOS: Mimi wa darasa la saba natunza elfu sitini kichwani, naitwa sisomeki. Msomi anaandika faida isiyokuwepo, na hiyo inasomeka vizuri sana.

MHASIBU: Ndiyo, mzee wangu. Na mimi nikifanya hivyo navuliwa jina. Yeye hana jina la kuvuliwa. Ndiyo maana nang'ang'ania asajiliwe. Masomo saba yaliyobaki, matatu ya kati na manne ya mwisho, ayamalize, maana akiwa na CPA huyo mwenye duka hatathubutu kumwomba faida ya uongo.

MHITIMU: Atathubutu. Ila nitakuwa na sababu ya kukataa inayozidi njaa yangu. Hapo nakukubalia.

MAMA MZAZI: Na nikeli? Si wanasema mgodi wa Kabanga utaajiri?

MHITIMU: Nikeli hiyo mama iligunduliwa miaka ya sabini, wazee wetu wakiwa vijana. Mwaka 2021 serikali ilisaini na wawekezaji, ikaundwa Tembo Nickel, serikali ina asilimia 16. Mimi nasubiri kama wengine, ila siwezi kumpangia mtoto masomo kwa mgodi.

MHASIBU: Usimpangie kwa mgodi, lakini mgodi ukianza watataka wahasibu wenye CPA, na watatoka Dar es Salaam kama Ngara haina. Halafu tutalalamika kwamba kazi wamepewa wageni. Na msisahau mpaka. Vyombo vya wahasibu vya Afrika Mashariki vilisaini mkataba wa kutambuana mwaka 2011. Mtoto wa Ntobeye anayezungumza Kihangaza anaelewana na Mrundi bila mkalimani, na Mnyarwanda naye hamsumbui. Ana CPA, ana lugha, yuko saa chache kutoka Kigali.

KATIBU WA AMCOS: Mmeona? Hajafika hata Mwanza, tayari mmeshampeleka Kigali.

MAMA MZAZI: Katibu, mtoto ni wangu, hujamzaa wewe. Akienda Kigali akafanikiwa nitacheza ngoma. Ila nimekusikia, na wewe sasa unisikie. Msimu huu, kabla ya chuo chochote, nataka akae mezani kwako. Ajifunze mizani, ajifunze ghala, na kila mkopo wa mjumbe auandike, jina na tarehe. Chakula nitampa mimi. Huyu kijana wa bodaboda amfundishe ATEC jioni, nami nitamlipa kwa maharage. Kahawa ikishauzwa, nitajua kama ni TIA au ni mtihani wa nyumbani.

MHASIBU: Mama, msimu mmoja huzaa msimu wa pili. Binti atazoea meza.

MAMA MZAZI: Basi wewe ndiye umkumbushe, maana una CPA na una mshahara wa kila mwezi. Ada ya mwaka wa kwanza nusu yangu, nusu yako. Umesema mpaka mwisho.

MHASIBU: Nina watoto watatu tayari, mama.

MAMA MZAZI: Umesema mpaka mwisho.

MHASIBU: Nitalipa ada ya chuo. Ya kumkalisha mezani silipi.

KATIBU WA AMCOS: Nami simkalishi mtu mezani kwa amri ya watu watatu. Meza ni ya wanachama. Kumpokea binti, kununua kipima unyevu, kuandika mikopo ya wajumbe kwa majina, kuungana na vyama jirani tumlipe mtu mmoja, yote hayo ni fedha, na fedha za chama zinapitishwa kwenye makisio ya mwaka. Nitayaweka kwenye ajenda ya mkutano mkuu, pamoja na ukomo wa madeni. Mwanachama mwenye neno, la kukubali au la kukataa, aje nalo siku hiyo, na safari hii asipige makofi kabla hajaisoma karatasi.